Mwisho Ambao Verna Tillery Hakuuimba

Siku Emmett Dudek alipomwona Verna Tillery kwa mara ya kwanza, alidhani amekuta maiti. Ilikuwa vuli ya mwaka 1974, katika kanisa kuukuu la upande wa mashariki wa Manhattan, ambalo waumini wake walikuwa wamepungua na ukumbi wake ukawa unakodishwa kwa wasanii. Emmett, fundi wa taa, aliingia na ngazi begani akamkuta mwanamke Mweusi, mrefu, amelala kifudifudi, mdomo umegusa sakafu. Mara mbao zikaanza kunguruma chini ya mdomo huo. Emmett alitupa ngazi akakimbilia maji.

"Kaka, ukinimwagia hayo maji tutagombana," mwanamke alisema bila kuinua kichwa. "Siumwi. Nasikiliza sakafu inanijibu nini."

"Inasemaje?" Emmett aliuliza, na papo hapo uso ukamwiva, maana hakuwa mtu wa kuuliza watu maswali.

"Inasema imechoka kukanyagwa. Wewe ndiye mtu wa taa? Basi shika kazi."

Akaishika, kwa miaka ishirini na ushei.

Verna alizaliwa Buffalo, binti wa mwalimu wa kwaya, na kwao walimtarajia aimbe kanisani kama mama yake. Yeye akaja New York kutafuta sauti ambazo hakuna aliyemfundisha. Alikoroma, alilia kama mlango mbovu, aliimba huku akivuta pumzi ndani, alitoa sauti mbili kwa koo moja. Aliimba amekaa ndani ya beseni la barafu. Aliimba huku filamu ya mikono ya mama yake ikimulikwa mgongoni pake. Mama mwenyewe alikuja kumtazama mara moja, na kofia yake ya Jumapili, na onyesho lilipokwisha akasema mbele za watu:

"Mwanangu, Mungu kakupa sauti, wewe unabweka!"

"Na mbwa kawaumba nani, Mama?"

Mama alicheka mpaka kofia ikamkaa upande.

Miji ya Ulaya ilimwita, ikamlaza hotelini na kumpa maua. Akirudi, alifundisha watoto piano na kuvaa viatu vya mtumba. Watazamaji wake wa Manhattan walikuwa wale wale, watu wa nguo nyeusi, na walikuwa na adabu moja kubwa: hawakushtuka kwa lolote. Msanii akinyoa nywele zake jukwaani au akikaa kimya saa nzima, wao walitazama tu. Naye Verna alikuwa na sheria yake kwa Emmett.

"Nikishaanza, hata nikianguka, usiguse taa. Mwanzo ni wangu, na mwisho ni wangu."

Mwaka 1997 sauti yake ilianza kukwaruza. Emmett alisikia, hakuuliza. Hakujua kwamba daktari alikuwa ameona uvimbe kooni, kwamba siku ya upasuaji ilikwisha kupangwa, na kwamba baada ya hapo Verna asingeimba tena. Hakuna aliyeambiwa. Verna alitunga wimbo mmoja mrefu, akautengeneza kiangazi chote. Sehemu ya mwisho hakuiimba hata kwenye mazoezi.

"Hiyo utaisikia pamoja na wengine," alimwambia Emmett.

Uliimbwa Jumapili alasiri, madirisha yamezibwa kwa vitambaa. Ulikuwa unakaribia kwisha sauti ilipokatika. Verna alipiga magoti, akafungua mdomo, na damu ikamshuka kidevuni mpaka kwenye gauni jeupe. Akajishika shingo. Ukumbi ukatulia tuli.

"Ona alivyoitengeneza hiyo damu," kijana mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Sh! Usituharibie."

Verna alikuwa anatafuta hewa mbele yao, na wao walikuwa wanampa heshima zao zote.

Emmett aliwasha taa za ukumbi mzima. "Anaumwa!" alipiga kelele, yeye ambaye hata kuagiza chakula mgahawani alikuwa anaona haya. "Jamani, ni kweli, anaumwa! Pigeni simu!"

Hata hapo wapo waliopiga makofi. Gazeti moja liliandika kwamba zile taa za ghafla na ile sauti ya fundi mwenye hofu ndio mwisho bora kuliko yote ambayo Verna aliwahi kuitunga.

Baada ya upasuaji, Verna alikatazwa kusema kwa miezi. Emmett alimpelekea supu ya kabichi. Verna aliipokea, akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Emmett hakujua aliyemnyamazisha ni daktari au ni hasira, na haya zikamzuia kurudi. Verna alipoanza tena kazi, safari hii kwa vivuli na filamu bila sauti, taa aliwashiwa na mtu mwingine.

Uvimbe ulirudi, na Verna akatuma jirani akamwite Emmett. Hawakuonana tena baada ya siku hiyo; Verna alizikwa Buffalo kabla theluji haijayeyuka. Siku hiyo Emmett alimkuta jikoni, kajifunika blanketi, kikombe cha kahawa cha mgeni kiko tayari mezani.

"Dada Verna," alisema kabla hata ya kukaa, "nilidhani unakufa."

"Nilikuwa nakufa." Ulikuwa mnong'ono tu, ilibidi ainame ausikie. "Daktari kasema ungechelewa kidogo ningesongwa na damu."

"Basi nilifanya vizuri?"

Verna alimsogezea kikombe. Kahawa ilikuwa imeanza kupoa.

"Nakushukuru, Emmett," alisema. "Kukusamehe bado."