Mkono Nisioufungua

Kwenye meza za sataranji hapa Goma wananijua kwa jambo moja: sichezi nyeupe. Mpinzani akificha kete mikononi ili nichague, namwambia aache, anipe nyeusi tu. Vijana hunitania kwamba muzee ana mbinu zake. Sina mbinu yoyote. Naogopa ngumi mbili zilizofumbwa.

Nyeupe ndiyo huanza, na utotoni mimi na kaka yangu mkubwa tuliigombania kila siku hadi mama akatuchoka.

Waasi walipouingia mji tulikimbia wote, tukarudi tukakuta hata milango imeng'olewa. Kwa hiyo siku mlima wa volkano ulipopasuka na moto ukaanza kushuka, mama hakutaka kurudia kosa lile.

"Moja abakie ku nyumba," alisema huku akifunga godoro. "Ingine anisaidie kubeba. Basoda batatuibia tena."

Aliwaogopa wanajeshi kuliko moto; aliamini ungepita mbali nasi. Mimi sikuamini.

Tukaamua kama tulivyozoea, kwa kete zile ndogo tulizoziita askari. Ambaye angepata askari mweupe angeondoka na mama, wa mweusi angebaki. Ilikuwa zamu yangu kuficha. Niligeukia ukuta, nikachukua weusi wawili.

Kaka akagusa mkono wangu wa kushoto. Nikaufungua. Mweusi.

Nilimfuata mama hadi Keshero na godoro kichwani, sikugeuka nyuma hata mara moja. Kufikia jioni mtaa wetu ulikuwa jiwe tupu, na baadaye tulishindwa hata kujua nyumba ilikuwa upande gani. Mama aliishi miaka mingi akijilaumu kwa kumwacha mtoto alinde milango. Nami, Mungu anisamehe, nilimwacha ajilaumu hadi tukamzika.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Sisi tulikuwa na desturi: ukichagua mkono mmoja, lazima na wa pili ufunguliwe, uonekane. Kaka ndiye aliyeiweka, kwa sababu alishanikamata nikidanganya mara nyingi. Siku ile nilimsubiri aidai. Aliitazama ngumi yangu ya kulia, akanitazama usoni, kisha akaifunika kwa kiganja chake na kuibana.

"Ile ingine usifungule," alisema. "Kimbia, mudogo. Mama iko nakungoja."