Kalamu Nyekundu ya Gavana

Katibu muhtasi aliyemtumikia gavana kwa miaka kumi na tisa alimjua kwa kalamu nyekundu. Kule benki kuu hakuacha neno lipite hivi hivi. Palipoandikwa kwamba bei zitashuka, alipachika "huenda" kwa mwandiko mdogo kama sisimizi, kisha akapuliza wino ukauke. Hata akiulizwa kama atakunywa chai, alitazama dari kwanza. Sasa anagombea ubunge, kofia ya chama inamfunika masikio, na katibu bado anambebea faili, la nini hata yeye hajui.

Leo sokoni muuza unga alimng'ang'ania mkono. "Baba, bei itashuka au haishuki?"

Akatazama juu, na juu hapakuwa na dari. "Itashuka," akasema.

Watu wakambeba juujuu, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Ndani ya gari, soksi ikimchuruzika maji, alimgeukia katibu. "Mama, nimesema nini pale?"

"Umesema itashuka, mzee."

Akachomoa kalamu nyekundu, akaifungua, akabaki ameishika hewani, akitafuta pa kuandika.