Sonata kwa Mwalimu Asiyenisikia

Nilimpigia kinanda mwalimu wangu wa zamani kwa miezi mitatu kabla sijajua kwamba hanisikii.

Alikuwa mstaafu wa bendi, mzee wa Temeke, na alitaka onyesho moja la tarumbeta, yeye peke yake mbele, mie nikimsindikiza kwa kinanda: sonata, yaani muziki wa ala wa sehemu tatu, kisha wimbo mmoja wa taratibu. Tulifanyia mazoezi sebuleni kwake kila Jumamosi asubuhi. Dalili zilikuwepo. Nilipiga hodi mara tatu, nne, asiitike. Sauti ya tarumbeta ilipanda kidogo kidogo juu ya yangu, nami nikadhani kinanda changu ndicho kibovu.

Jumamosi moja, katikati ya sehemu ya pili, umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza chini ya vidole vyangu. Yeye akaendelea. Alipofika pale ambapo tarumbeta hupumzika na kinanda hubaki peke yake, akaishusha, akawa anatikisa kichwa kwa mapigo, akitabasamu katika ule ukimya kana kwamba anafurahia ninavyopiga. Vidole vyangu viliendelea kubonyeza tu. Kisha akaingia palepale panapotakiwa.

Nilisimama mbele yake. "Mwalimu, umeme umekatika."

Alitazama midomo yangu, halafu feni iliyoacha kuzunguka. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo wa ukurasa."

Akakaa chini. "Naangalia mabega yako, mwanangu. Usimwambie mtu. Siku ya onyesho weka kinanda mahali nitakapokuona."

Nikakubali. Mpaka leo najilaumu.

Siku ya onyesho, ukumbini Kinondoni, wapambaji walikuwa wamekisogeza kinanda nyuma kabisa, karibu na spika. Niliwasihi wakirudishe, wakasema muda umekwisha. Mwalimu akasimama amenipa mgongo.

Sehemu ya kwanza ilipita. Ya pili, aliingia mapigo mawili mapema. Nikaruka nota kumfuata. Akaongeza mwendo, nikaruka tena. Mkewe, aliyekaa mstari wa mbele, alifumba macho, ndipo nikajua kwamba naye alikuwa anajua. Penye yale mapumziko marefu, mwalimu hakungoja. Nikaondoa mikono.

Alimaliza sonata peke yake. Makofi yakapigwa, akageuka kunionyesha kwa watu, akakuta mikono yangu iko mapajani.

"Uliacha wapi?" Aliuliza kwa sauti kubwa mno, ukumbi mzima ukasikia.

"Penye mapumziko, mwalimu."

Wimbo wa taratibu hakuupiga. Mkewe alipanda jukwaani, akamshika mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma huku watu bado wanapiga makofi.