Kiti cha Kusemea Maji

Jambo zima liligharimu kiti kimoja cha plastiki cha rangi ya kijani, mbuzi mmoja ambaye sikupewa hata mchuzi wake, mifuko miwili ya simenti, na mahali pa kazi pa mwanamke mmoja. Nimehesabu, nikahesabu tena. Vitatu vya kwanza nilivilipa mimi, na sivililii. Cha nne alikilipa mwingine, na ndicho kinachonifanya niandike.

Sisi wa Kamina hatuna bahari. Tuna reli, tuna vumbi, tuna baridi ya Juni inayopenya chini ya mlango. Lakini mvua zikikatika na kipwa kikaanza, yaani kiangazi chetu, wachuuzi wa samaki kama mimi tunafunga vibanda sokoni, tunapanda lori hadi upande wa Kabondo-Dianda, kisha pikipiki, kisha mtumbwi, na tunakwenda kukaa kando ya ziwa mpaka mvua zirudi. Majirani zangu wa avenyu, mtaani kwetu, husema, "Mama anaenda bahari," kana kwamba naenda kulala juani na miwani myeusi. Mimi huwajibu kwamba nitawaletea mchanga.

Kambi yenyewe, wakati wa mvua, ni nyumba chache za wenyeji: wavuvi, wake zao, mbuzi wao. Kipwa kikifika inakuwa mji. Watu wanatoka Kamina, Kabongo, hata Kaniama, na turubai zao. Anakuja wa kuchaji simu, anakuja wa bia, linakuja kanisa lenye spika kubwa kuliko za baa. Serikali nayo hufika. Kila kikapu cha samaki kinachotoka kinakutana na watu wenye vitabu vya risiti, na kila mmoja ana ofisi yake. Yule wa usafi nilimwuliza siku moja choo chake kiko wapi.

Aliniangalia kwa upole. "Mama, minyi niko wa kupokea. Wa kuchimba ni mwengine."

Huyo mwingine hatujamwona hadi leo. Basi kambi inajitawala. Shefu wake ni mtu wa makamo, fundi wa kuziba mitumbwi, ambaye husikiliza watu huku mikono yake ikiwa na lami. Jambo likizidi, huita mkutano kwenye banda lake. Na mkutano huo una desturi moja: kila mtu anakuja na kigoda chake. Mwenye kigoda anasema. Asiye nacho anaweza kuja, anaweza kukaa juu ya gunia lake, anaweza hata kucheka, ila hasemi. Desturi hiyo haijaandikwa popote, na kati ya sheria zote ninazozijua haipo inayoheshimiwa kama hiyo. Ina maana yake pia. Kigoda kinachongwa na mtu mwenye nyumba pale, atakayekuwapo mvua zikianza na matokeo ya maneno yake yakielea mlangoni.

Mimi, mwaka wangu wa kwanza, sikujua. Nilisimama na kuanza kueleza habari ya uchafu wa ufuko. Mvuvi mmoja mwenye kofia ya sufu akanikatiza, bila ubaya wowote.

"Mama wa Kamina, weye unaikala juu ya gunia. Gunia inasikilizaka."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mizani ikikulalia upande mmoja, kucheka hakukuongezei uzito, lakini kunakupa muda wa kufikiri. Na nilikuwa na la kufikiri. Wazazi wangu walitoka Kasai. Mimi nilizaliwa Kamina, ila miaka ile watu wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa nililala stesheni na mama yangu juu ya mizigo, tukingoja gari la moshi la kutupeleka "kwetu," mahali ambapo sikuwahi kupaona. Tuliporudi Kamina, baba akawa anahudhuria mikutano ya avenyu akiwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemkataza kuingia. Alisimama tu pale, bega moja ndani na bega moja nje. Kwa hiyo nilipoambiwa kuhusu gunia, sikuliona kuwa jambo geni. Niliona kwamba hawa angalau wanasema wazi bei ya kuingia ni nini.

Kipwa kilichofuata, ugonjwa wa kuhara ukaingia kambini. Mwenzangu wa sokoni, niliyekuwa nalala naye turubai moja, alibebwa kwenye mtumbwi kwenda kituo cha afya akiwa amekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Alipona. Wengine wawili waliotangulia hawakupona. Muuguzi akaja na kutuuliza swali moja tu.

"Maji ya kunywa munaitekaka wapi?"

Tukamwonyesha. Ni palepale mitumbwi inapotia nanga, samaki wanapopasuliwa, watoto wanapooga. Hakutukana. Alinyoosha kidole upande wa juu, kijito kinapoingia ziwani. "Mutekee kule. Na kule pasipasuliwe samaki, hata mumoja."

Kule palikuwa na mtu. Mama mmoja mwenyeji, amenizidi umri, ambaye namwita yaya, yaani dada mkubwa. Mdomoni mwa kijito ndipo alipokuwa anapasua na kubanika samaki, na kabla yake mama yake. Ardhi imeinuka na ni ngumu, na upepo wa jioni unauchukua moshi kuupeleka ziwani badala ya nyumbani. Kambale aliyetoka kwenye uchanja wake alifika Kamina mkavu kama kuni, bila harufu nyingine isipokuwa moshi. Wateja wangu walikuwa wakiuliza, "Iko ile ya yule mama?" kabla hata ya kunisalimu. Nilikuwa namsaidia kuishi naye ananisaidia kuishi, na kila msimu tuligombana kuhusu bei kama ndugu.

Mwaka uliofuata nilinunua kiti. Nilikifunga juu ya mizigo kwenye lori, na njia nzima abiria walinitania. "Mama, kule unaenda kuoa ao kuolewa?" Nilipofika nikakipeleka bandani kwa shefu. Akakizunguka.

"Hii iko kigoda?"

"Iko kiti."

"Iko na mugongo."

"Mugongo sikulipia, shefu. Angaria miguu tu."

Yule wa kofia ya sufu hakucheka safari hii. "Kigoda inalalaka hapa. Hii yako, mvua ikikuya, itapanda lori pamoja na weye. Vile ni mizigo."

Alikuwa na haki, nikakubali kiti kibaki kambini mwaka mzima, kikae bandani. Hapo biashara ikaanza. Walitaka mbuzi wawili na kreti ya bia. Nikawashusha hadi mbuzi mmoja, na niliondoka nikijiona nimeshinda. Kuna kitu kimoja sikukiuliza. Mimi ambaye sijawahi kununua gunia bila kulifungua kamba na kutia mkono hadi chini, gunia hili nililinunua limefungwa. Pale kambini kila mwenye kigoda ana kazi. Mmoja anachunga moto wa usiku, mmoja anazika kinachokufa ufukoni, mmoja anasuluhisha nyavu zilizonasana. Kiti kilipowekwa kwenye duara, shefu akaniuliza nitachukua ipi, na kabla sijajibu akasema, "Weye ulianzaka na mambo ya uchafu. Utachukua maji na choo." Ndipo ile mifuko ya simenti ilipoingia.

Nikasema basi habari ya maji. Nilieleza nilivyosikia kwa muuguzi, bila kuongeza chumvi. Yaya alikuwa pale kwenye kigoda chake, kimechakaa katikati. Alingoja nimalize.

"Pale njo nabanikia," alisema. "Mutanitia wapi?"

"Kule chini, kwa matete," shefu alisema. "Nafasi iko."

"Kule iko maji chini ya udongo."

"Sasa iko kipwa, mama. Iko mukavu."

Yaya aliniangalia mimi, si shefu. Sikumwona na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma mizani ya mwenzake. Kisha akasema, "Bantu balikufa. Sitakataa," na siku iliyofuata akavunja uchanja wake mwenyewe, akabeba miti yake mwenyewe. Nilimsaidia kubeba. Hatukuongea bei siku hiyo.

Msimu ule nilikuwa kijitoni kila alfajiri. Muuguzi alinipa chupa ya klore na bomba la sindano lisilo na sindano, nikawa natia dawa kwenye kila ndoo inayopita. Wavuvi waliniita "munganga wa ndoo." Kuna aliyenunua bia kwa furaha na bado alinung'unika kwamba maji yangu yana ladha. Choo tulikichimba, sakafu tukaimwaga simenti, na watu wakajifunza kupanga foleni bila kupigana. Mpaka mvua za kwanza, hakuna aliyebebwa kwenye mtumbwi. Ni vigumu kulieleza jambo hilo kwa mtu wa Kamina, kwa sababu hakuna cha kumwonyesha. Unasema, "Hakuna aliyekufa," naye anangoja uendelee.

Lakini kule kwenye matete mambo yalikuwa mengine. Udongo ulitoa unyevu kutoka chini hata juani. Moshi ulirudi kwenye nyumba ya yaya badala ya kwenda ziwani. Samaki wake walionekana wakavu jioni na asubuhi wamelegea, na waliofika Kamina walikuwa na vumbi la kijani kwenye mapezi. Mteja mmoja alimnusa samaki mbele ya macho yangu na kumrudisha mezani. "Hii haiko ya yule mama."

"Iko yake."

"Basi amezeeka."

Nilipoenda kununua tena, mdomo wangu ulitaja bei ya chini kabla sijaufikiria. Ni kazi yake, mdomo huu, umenilisha. Yaya akapokea bei bila kubishana, na hilo lilinisumbua kuliko kama angenitukana.

Kisha mvua zikaja, ziwa likapanda, na eneo la matete likawa ziwa. Uchanja wake ukaenda na maji.

Alikuja Kamina wiki mbili zilizopita. Nilimkuta amekaa kwenye kibanda changu sokoni, miguu imejaa matope ya njia, amewekewa chai na mwenzangu yule aliyepona. Nikajua amekuja kudai, nikaanza kutafuta kichwani nitampa nini.

"Jambo yaya. Ungenipigia simu, ningekutumia kitu."

"Feza?" Akanywa chai kwanza. "Feza utanipa, kiisha utaikata kwenye bei ya samaki. Nakuyua."

Mwenzangu akageuka pembeni kucheka.

"Basi unataka nini?"

"Nataka urudi ukaseme. Njo weye ulisema, bale bengine balisikiliza tu. Useme banirudishie mahali yangu. Sitapasua samaki pale, nitapasulia chini na kupandisha. Nitabanika tu."

"Na wengine?"

"Bengine gani?"

"Wakiona umerudi, nao watakuja. Atakuja wa kwanza na uchanja, wa pili na kisu. Wewe unawajua."

Anawajua. "Mutaweka muntu wa kuchunga," akasema mwishoni.

"Mutu huyo ni mimi, yaya. Na mimi niko pale kipwa tu."

Mwenzangu, ambaye hana kiti popote, alikuwa akipanga samaki upya bila sababu. Yeye ndiye aliyekunywa maji ya mahali pa zamani. Yaya alimtazama muda mrefu, akamrudishia kikombe, akasema aksanti. Aliondoka kesho yake. Sikumwahidi kitu, na hakunisihi. Alisema tu kwamba asipobanika msimu huu atauza nyavu za marehemu mume wake, na baada ya hapo hatakuwa na cha kubanika hata akipewa mahali.

Nimeuliza kama kuna mwinuko mwingine pale. Upo mmoja, una kaburi la babu wa shefu. Nimefikiri kumlipia kijana wa kuchunga kijito. Atachunga mpaka siku wavuvi watakapomnunulia bia. Nikisema arudishiwe, natumia kiti changu kuyachafua maji niliyoyatafuta kwa kiti hichohicho. Nikinyamaza, nimekuwa kama yule wa risiti za usafi: wa kusema ni mimi, wa kubeba ni mwingine.

Barabara ikikauka, lori la kwanza litaondoka, na shefu ameshatuma ujumbe kwamba mkutano unaningoja. Ninyi mliowahi kukaa kwenye kamati ya avenyu, mkahamisha bomba, au soko, au njia ya watu, na bado mnakaribishwa chakula na yule mliyemhamisha, niambieni: mlifanyaje? Na siku ile ya kurudi mbele yake, mlianza na neno gani?