Bwana Fungua na Matundu Manne

Langoni pa ghala la vipuri hakupita mtu bila kusikia neno moja: "Fungua." Mlinzi alilisema kwa mkubwa na mdogo, mpaka wafanyakazi wakambandika jina la Bwana Fungua. Siku mkewe alipomletea chakula, alimfungulisha hata yeye kikapu mbele ya kadamnasi. Mama wa watu akainamisha uso, akafungua, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale langoni. Mumewe alijiona ametenda haki. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo alivyopenda kusema.

Basi huyo ndiye aliyeshikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Akila vya mafuta tu, anajikunja. Hospitali wakampiga picha, wakaona mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mtaratibu, akamwambia mfuko wenyewe lazima utoke.

"Njia ni mbili, baba. Ya kawaida, tunatoboa matundu manne madogo tumboni. Kamera inapita kwenye moja, vifaa kwenye mengine. Ya pili, tundu ni moja tu, kubwa kidogo, hapa kitovuni. Kovu halionekani."

Bwana Fungua akashtuka. Mtu mwema anaficha alikopitia kwa nini?

"Na ubaya wake?"

"Inachukua muda zaidi, maana vifaa vyote vinabanana mlango mmoja. Na ngiri ya kitovu inaweza kuja baadaye, uwezekano wake umezidi kidogo ule wa matundu manne. Maumivu hayapishani sana. Kwako wewe, yoyote inafaa."

Hapo ndipo shaka ilipozidi. Tangu lini muuzaji akaponda mali yake mwenyewe? Daktari angeng'ang'ania moja, Bwana Fungua angesema anataka kumfanyia majaribio. Angeng'ang'ania manne, anataka kumchanachana. Huyu hakung'ang'ania lolote, na kwa Bwana Fungua hilo lilikuwa baya kuliko yote.

"Chagua, mume wangu, tumalize," akasema mkewe aliyeketi kando yake. Akatupiwa jicho la pembeni. Huyu naye amesemezana lini na daktari?

Nyumbani akapima. Lango moja hulindika kuliko manne. Lakini aliwahi kuona malori mawili yakigombania lango moja, nguzo ikang'oka. Akalala na moja, akaamka na manne, wiki zikapita.

"Kikulacho sasa kiko tumboni," mkewe akamwambia, "na wewe unamchunguza daktari!"

Yakamkuta kazini. Homa, matapishi, akaanguka kando ya kiti chake. Mkewe alipopigiwa simu alikuja mbio, akapita lile lango, na safari hii hakuwepo wa kumsimamisha.

"Hakuna tena kuchagua, baba," daktari akasema. "Mfuko umevimba, umegandana na viungo vya jirani. Nataka nafasi ya kuona na kushika. Ni matundu manne, na yakishindikana nitapasua tumbo."

Bwana Fungua aliogopa kufa. Aliukamata mkono wa mkewe, hakuuachia mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Alipozinduka alijipapasa: plasta nne. "Wametoa nini? Nataka kukiona." Mkewe akanyanyua kichupa chenye mawe. Akayakagua moja moja, ndipo akasinzia.

Siku ya kuruhusiwa, mlinzi wa lango la hospitali aliwazuia. "Mama, fungua mfuko."

Watu wakageuka kutazama. Mkewe akainamisha uso, vilevile kama siku ile ya kikapu.

"Huyu ni mke wangu!" Bwana Fungua akafoka. "Hana cha kuiba!" Sauti ikamvuta vidonda, akainama ameshika tumbo.

Mkewe alifungua mfuko. Shati, ndala, kichupa cha mawe. Akaufunga, akamshika mumewe kiwiko.

"Twende," akasema. "Siku ile yangu hakuna aliyenisemea."