Mama Léocadie Aenda Kuomba Ng'ombe

Mama Léocadie hakuwahi kumwomba Mungu kwa jumla. Wengine huomba baraka, wakasema amina, wakaenda zao. Yeye aliomba mabati, akataja na urefu wake, kisha akakumbushia misumari yenye mpira, maana Mungu naye ana mengi. Alipoomba bomba la maji, alisimama uani akaonyesha kwa kidole lipite wapi, kati ya jiko na choo, watoto wasilikanyage. Mimi nilikuwa fundi wa pikapu yake, Toyota iliyozeeka kuliko baadhi ya wachungaji, na mara nyingi nililala chini ya injini huku yeye akiomba juu ya kichwa changu. Zaidi ya mara moja nilidhani ananiagiza mimi, nikaitika.

Naitwa Ilyasi, mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, Mwislamu kwa baba na kwa mama. Nasema mapema ili asije mtu akadai nimenunuliwa na walokole. Lakini nilichokiona nilikiona: mwanamke yule alikuwa akipewa. Makao yake ya watoto pale Gihosha yalianza na turubai. Kufikia mwaka wa tisini na nane yalikuwa na vyumba vilivyoezekwa, bomba lililotoa maji siku nyingi za wiki, na magodoro yaliyoshushwa na lori asubuhi moja bila dereva kujua kayatuma nani. Watoto walikuwa wa huku na wa kule, na kwa kuwa vita vyenyewe vilikuwa vya watu wa huku na watu wa kule, Mama Léocadie alipiga marufuku maneno hayo mezani. Kila ombi lilipojibiwa alipiga kelele ya furaha hadi majirani wakadhani tumeshambuliwa, kisha akacheza. Alikuwa mama mwenye mwili wake, na vyombo jikoni vilicheza pamoja naye.

Ila maziwa hayakuja.

Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo. Maziwa ya unga yalitoweka madukani, na makopo yaliyobaki yalikuwa na bei ya matusi. Watoto wakubwa walikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wakashukuru. Tatizo lilikuwa Nella, mdogo wa wote, hajatimiza mwaka. Uji wa mahindi aliutema, wa mtama aliutapika, wa soya aliutazama tu akageuza uso. Alikuwa ameacha kulia kwa nguvu. Alilia taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Mwuguzi alisema waziwazi kwamba bila maziwa mtoto huyu hafiki msimu wa mvua. Mama Léocadie alimbeba mgongoni mchana kutwa akiomba maziwa, lita kwa lita, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikikatika katikati ya sala. Nilijifanya natafuta spana.

Jibu lilitoka Kanyosha, kwenye vilima vya juu, nalo lilikuwa na masharti.

Huko aliishi mzee Sébastien, aliyewahi kuwa mwalimu wa katekisimu, mbishi, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwa utosini. Yeye ndiye aliyemwokota Nella kwenye migomba yake baada ya shambulio, akamleta Gihosha ndani ya koti lake. Ng'ombe wake walikuwa wameibwa karibu wote. Walibaki wawili, na mmoja, aitwaye Gaju, alikuwa amezaa karibuni. Mzee aliposikia hali ya mtoto alituma mtu na neno: Gaju ni wenu. Mama Léocadie akapiga kelele, akacheza, akamkumbatia mpishi, akanikumbatia na mimi pamoja na grisi zangu. Ndipo mjumbe akapata nafasi ya kumaliza. Mzee anasema mje mmwombe kama ng'ombe anavyoombwa, na mlete pombe.

Kelele ikakoma.

Mama Léocadie alikuwa ameokoka miaka mingi, tena kiongozi wa kwaya, na kanisani kwake mtu akionekana na chupa ya bia alisimamishwa mbele ya washirika wote. Akatuma jibu la upole: mzee wetu, si utupe tu, Mungu atakulipa? Mzee akarudisha: "Ng'ombe hapewi mtu kama mwavuli." Nilikasirika kwa niaba ya mtoto, lakini mzee alikuwa na haki. Miaka ile ng'ombe aliyehama bila mashahidi alihesabiwa kuwa wa wizi, na mwenye bunduki wa kwanza kuuliza ni wa nani angeondoka naye. Lakini majirani wakiinama pamoja kwenye chungu kimoja, wakasikia ng'ombe akiombwa na akitolewa, kila mmoja anaweza kuapa. Pombe ndiyo hati yenyewe.

Mama Léocadie akaliombea jambo hilo, akaamka na ufumbuzi: juisi. Ndizi zilizokamuliwa, kabla hazijachachuka, tamu na isiyo na dhambi. Mzee alipoulizwa akaguna, akasema waje nayo, tutaona. Ndizi zikatoka Gasenyi, zikakamuliwa uani Jumatano, watoto wakilamba vidole hadi kwenye viwiko. Bidoni, dumu la plastiki, tukaazima kwa jirani, Odette.

Mtu wa Bujumbura ameshaona kosa liko wapi. Odette alikuwa mpika pombe. Bidoni ile ilikuwa imebeba urwarwa, pombe yetu ya ndizi, tangu yeye hajaolewa, na bidoni ya namna hiyo ukiiosha unaosha nje tu. Hata hivyo, tungefika siku ileile huenda lisingetokea lolote. Lakini Jumatano hiyo wanajeshi walifunga daraja la Muha, wakaturudisha. Alhamisi hapakuwa na esansi, yaani petroli, mjini hata ya kuondolea doa. Bidoni ikakaa nyuma ya pikapu, juani, chini ya turubai, ikifanya mambo yake. Ijumaa nikapata mafuta, usiniulize wapi, tukaondoka asubuhi: mimi, Mama Léocadie, na Nella mgongoni.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi akagonga bidoni. "Muko na nini umu?"

"Jus, mutoto yangu," akajibu Mama Léocadie. "Jus ya ndizi, ya batoto yatima."

Mwanajeshi akalegeza kizibo. Kizibo kikaruka, kikapita juu ya kofia yake, kikatua barabarani. Akanusa, akatutazama mmoja mmoja, akajimiminia kidogo kwenye kifuniko cha chupa yake ya maji, akanywa. Kisha akaenda mwenyewe kukiokota kizibo, akakifuta kwa shati, akakirudisha kwa heshima.

"Mupite, mama. Mungu abariki iyo jus."

Mama Léocadie alichoona ni kwamba Bwana amefungua njia. Aliimba hadi Musaga. Mimi sikuimba. Upepo ulikuwa unatoka nyuma ya gari ukiingia dirishani, na pua ninayo. Nilipofika chini ya kilima nikasimamisha gari, maana kumdanganya mama yule kulikuwa kugumu kuliko kumwambia.

"Mama, ile jus imechachuka."

"Kidogo?"

"Mama, mi niko Muislamu na niko nalewa na harufu tu."

Nella alikuwa amelaza shavu mgongoni kwake, macho nusu. Mama Léocadie akanyoosha mkono nyuma, akaushika mguu wake mdogo.

"Tukirudi leo, kesho tutapata esansi ya kuya tena?"

"Apana."

"Bon. Twende. Batakunywa bo, mi nitatazama tu."

Huko juu walikuwa wametungoja, majirani wanaume kwa wanawake, wamekaa kwenye mkeka na vigoda. Waliongea Kirundi, nami nakileta kwa Kiswahili. Bidoni ikamiminwa kwenye chungu, mirija ikatiwa. Mzee Sébastien akainama na uso wa mtu aliyejiandaa kunywa dawa. Akavuta. Akafumba macho. Akavua ile kofia ya sufi, jambo ambalo mkewe alisema halijaonekana tangu kipaimara cha mtoto wao wa mwisho.

"Jamani," akasema, "hawa walokole wanatuficha mengi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mrija ukazunguka, kila aliyevuta akamtazama Mama Léocadie kwa heshima mpya. Yeye alikuwa ameinama akihesabu vidole vya miguu. Kisha mzee akatoa mrija mpya, akaufuta, akamwelekezea.

"Sasa mwombaji."

"Mzee wangu, mimi nimeokoka."

"Gaju hajaokoka," akasema mzee. "Nikimtoa kwa mtu ambaye hajanywa nami, nimemtoa kwa nani? Hawa waseme nini wakiulizwa?"

Hakusema kwa ubaya. Nyuma ya uzio Gaju alikuwa akimlamba ndama wake, chuchu zimejaa, na Nella mgongoni akatoa kale kakilio kake ka kuomba radhi, kisha akaacha. Nilitamani niunyakue ule mrija ninywe mwenyewe, Mwenyezi Mungu anisamehe. Mama Léocadie akamfungua mtoto, akanipa. Akainua uso juu na kuomba kwa sauti, kama kawaida yake bila kuficha kipimo.

"Bwana, mimi niliweka juisi, na Wewe unajua. Kule Kana hukumfukuza mtu. Kama hii ni dhambi, iandike kwa jina langu, Léocadie, wa Gihosha, usije ukakosea ukaiandika kwa mtoto."

Akainama. Hakuonja onja. Alivuta kama fundi anayenyonya mafuta tangini kwa mpira, mashavu yakaingia ndani, na alipoinuka alikuwa na machozi na kwikwi moja kubwa. "Naomba ng'ombe," akasema.

"Umepewa," akajibu mzee, na watu wote wakapiga makofi.

Sasa, tumbo la mtu ambaye hajaonja pombe kwa miaka mingi halina ubishi nayo. Kwanza alicheka. Kisha akaanza kumsifu Gaju kwa maneno ya sifa za ng'ombe, yale ya wazee, maana babaye alikuwa mchunga ng'ombe, na yeye bila shaka aliyapokea tangu tumboni. Mwenye pembe zinazofagia mawingu! Mrembo asiyegombania mtoni! Mama wa wasio na mama! Akainua mikono juu ikawa pembe, akazunguka uwanja kwa madaha, mwili ule wote, mwepesi kama karatasi. Wanawake wakapiga vigelegele, mzee akacheza na kofia mkononi, na mimi niliyekuwa sijanywa hata tone nilijikuta narukaruka na mtoto wa watu. Usiniulize kwa nini. Furaha ilikuwa imetupata sote.

Mke wa mzee akakamua, akachemsha, akapoza. Nella akanywa kijiko cha kwanza kwa mashaka. Cha pili akakifuata kwa mdomo. Halafu kikombe. Kilipoisha, mke wa mzee akakiondoa ili mtoto apumue, na hapo Nella akalia. Alilia kwa hasira, kwa haki, kwa mapafu yote mawili, uso umekunjamana, ngumi juu, kilio cha mtu aliyenyang'anywa mali yake. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia hivyo. Mama Léocadie akaketi chini palepale vumbini, akalia na kucheka, na mimi nikalia, na sioni aibu kusema.

Safari ya kurudi ilikuwa harusi. Gaju alisimama nyuma ya pikapu na Mama Léocadie amemshika pembe, akiimba pambio moja bila kukumbuka ubeti wa pili. Ndama, kwa kuwa bila ndama ng'ombe wetu hatoi maziwa, alikaa mbele pamoja nami akinilamba sikio hadi mjini. Jioni hiyo watoto wote wa Gihosha, wa kwetu na wa mitaani, walijaa uani kumtazama Gaju akijisaidia, wakashangilia hata hilo.

Habari nayo haihitaji esansi. Jumapili nikaitwa kanisani kuwa shahidi. Mimi, Ilyasi, nikasimama ndani ya kanisa la walokole nikiwa na viatu mguuni, sijui pa kuviweka. Nikasema nilichokiona, bidoni, jua, kizibo na yote. Mchungaji Xavier, mtu mwembamba asiyecheka ovyo, akamgeukia Mama Léocadie aliyesimama mbele na Nella mkononi, mtoto ana masharubu ya maziwa.

"Mama, ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Ulijua ni pombe?"

"Nilijua. Ilyasi aliniambia."

"Unatubu?"

Kanisa zima lilikuwa linamngoja aseme ndiyo, neno moja tu, arudi kuongoza kwaya yake.

"Pasteri, mi siwezi kudanganya mu nyumba ya Mungu. Tangu Ijumaa najaribu kutubu. Napiga magoti, naanza vizuri. Kisha nakumbuka vile mutoto alilia, nacheka. Kutubu kunakataa kuya."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha benchi zima. Mchungaji akainamia Biblia yake muda mrefu, na mabega yalikuwa yanamtikisika. Alipoinua kichwa uso ulikuwa mkavu tena, isipokuwa macho.

"Utakaa benchi ya nyuma," akasema, "mpaka toba ije."

Mama Léocadie akapokea hukumu, akaenda nyuma karibu na mlango, akaketi. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Nella sasa anasoma, Gaju ana wajukuu, na Mama Léocadie bado amekaa benchi ya nyuma. Anasema kila Jumapili anajaribu.