Meli ya Madebe Bwawani Kibosho

Mwalimu wa historia wa Kibosho hawezi kuzungumza bila mikono. Akifika kwenye habari za meli, viganja vyake huzunguka mbavuni kama magurudumu, na sauti yake ya kukwaruza hushuka kama ya mtu anayempita adui kimyakimya. Meli aipendayo ni ya mvuke, yenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Amerika karne ya kumi na tisa. Ilipenya katikati ya manowari zilizoziba bandari, ikiwapelekea bunduki watu wa Kusini wenye watumwa, mpaka ilipokamatwa ikageuzwa kupigana nao. Ameunda mfano wake mdogo kwa madebe ya mafuta ya kula, na kila mara imezama katika bwawa la kumwagilia migomba, darasa likicheka. Leo wamerudi bwawani. Anawasha kijitanuri cha meli, anapuliza, anafuta masizi puani.

“Mwalimu, na hii inazama,” anasema Evaline, mwanafunzi wake mbishi.

“Tulia, binti.”

Mvuke unafoka. Magurudumu yanasita, kisha yanapiga maji, na meli inakata bwawa mpaka ng'ambo.

“Imefika! Mwalimu, imefika!” Evaline amekwisha kuingia majini na viatu vyake. Na Mwalimu, mtu mzima na tai yake, anajikuta akirukaruka matopeni, akishangilia kuliko darasa zima.